Panga Likitoka Shambani Linakwenda Wapi?

Leo nina jambo moja tu, nalo ni panga, kisu na wembe ndani ya begi la mwanafunzi.

Kila Januari, ukisimama stendi ya Makambako unawatambua mara moja watoto wanaokwenda kuripoti kidato cha kwanza. Sare bado ina mikunjo ya dukani, tranka la bati limefungwa kufuli dogo, godoro limekunjwa likakazwa kwa kamba, na pembeni kuna mfuko wa salfeti umechomoza mpini wa jembe. Tazama vizuri ndani ya mfuko huohuo: kuna kitu kirefu kimezungushiwa gazeti, kikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Hilo ni panga. Konda analipokea, analisukumia kwenye buti pamoja na ndoo na fagio, gari linakata kona kuelekea Njombe. Hakuna anayeuliza, wala hakuna sababu ya kuuliza, maana panga hilo limeagizwa na shule yenyewe.

Chukua fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule, zile karatasi ambazo mzazi hupewa mtoto anapochaguliwa. Kuna ukurasa wa mahitaji: sare, madaftari, rimu ya karatasi, ndoo, jembe lenye mpini, fyekeo au panga. Endelea mbele kidogo, unakutana na ukurasa wa makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi shule. Wizi. Uasherati. Ulevi na bangi. Kupigana. Kuharibu mali ya umma kwa makusudi. Kudharau bendera ya Taifa. Kugoma. Kuoa au kuolewa. Baba au mama anatia saini, mtoto anatia saini, fomu inarudi shuleni. Na kati ya ukurasa wa mahitaji na ukurasa wa makosa limebaki swali ambalo sijaona likijibiwa vya kutosha: panga hili, kazi ya shamba ikishaisha, linalala wapi, na funguo anazo nani?

Ninalisema hili nikiitazama kata yetu ya Uwemba, hapa Njombe, kwa kuwa huku kwetu vyuma vyenye makali viko mikononi mwa watoto kila siku, na hakuna ubaya ndani yake. Viazi mviringo vinahitaji jembe na kisu, na kituo cha utafiti wa viazi hivyo kiko hapohapo Uwemba. Misonobari na mikaratusi inapogolewa kwa panga. Miwati imekuwa ikikatwa na kubanduliwa magamba katika wilaya hii tangu kampuni ya TANWAT ilipoanza mwaka 1949. Kisha kuna ulanzi, ile pombe ya mianzi. Wakati wa mvua kijana anaamka alfajiri, baridi ya Njombe mnaijua, anapita kwenye mianzi ya babu yake, anakata upya ncha ya chipukizi ili mgemo uendelee kutiririka, anafunga vizuri mbeta ya kukingia, halafu anakimbia kuwahi namba mstarini. Kisu cha kugemea anacho mfukoni. Hakukificha. Amekisahau tu, kama anavyosahau kalamu.

Ingia sasa kwenye geto. Shule zetu nyingi za kata hazina mabweni ya kutosha, kwa hiyo mtoto anayetoka mbali anapangiwa chumba jirani na shule, yeye na wenzake wawili au watatu. Kitanda kimoja, jiko la mkaa, sufuria mbili, na kisu kimechomekwa kwenye upenyo wa matofali juu ya dirisha. Ijumaa jioni anakwenda kwao kuchukua chakula. Jumatatu asubuhi anapitiliza moja kwa moja shuleni na begi lenye unga, viazi, maharage, daftari la Fizikia na kisu cha kumenyea. Mwalimu wa zamu akipekua begi hilo getini ameona nini? Ameona silaha, au ameona jikoni kwa mtoto wa miaka 14 anayejipikia?

Na wembe je? Darasa la kwanza na la pili, penseli inachongwa kwa wembe. Mmoja unavunjwa vipande viwili, nusu inabaki dawati hili, nusu inavuka kwenda dawati la nyuma. Nimesikia walimu wenyewe wakiuliza darasa zima nani ana wembe, vidole kumi vikapanda juu. Miaka kadhaa baadaye wembe uleule ukikutwa kwenye soksi ya msichana wa kidato cha pili, shule nzima inasimama mstarini kusikiliza hukumu.

Mapanga haya hayakuingia shuleni kwa bahati mbaya. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akataka shule iwe na shamba na mwanafunzi ajue kazi ya mikono sawa na anavyojua kitabu. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba alikuwa sahihi. Mtoto wa Uwemba aliyelima bustani ya shule akauza kabichi zikanunua chaki amejifunza kitu ambacho hakimo kwenye mtihani wowote. Sitaki kusikia mtu akisema dawa ni kuondoa majembe na mapanga shuleni. Ila ukimpa mtoto chombo chenye makali umejipa na wajibu wa kukihesabu kikirudi, na hapo ndipo shule zetu nyingi zimelegea.

Tutazame sheria inasema nini. Sheria ya Elimu ni ya mwaka 1978. Chini yake kuna kanuni za kusimamisha na kufukuza wanafunzi, zilizotolewa mwaka 2002. Kanuni hizo zinasema mwanafunzi anaweza kufukuzwa akiwa na utovu wa nidhamu wa makusudi na wa kurudiarudia, unaohatarisha nidhamu ya shule au jina lake zuri. Au akitenda kosa la jinai, na hapo zinatoa mifano: wizi, uharibifu wa mali, ukahaba, dawa za kulevya, makosa dhidi ya maadili. Au akifunga ndoa. Katika mifano hiyo panga halimo. Kisu hakimo. Kubeba tu, bila kumgusa mtu, hakukutajwa.

Msinielewe vibaya, sisemi mkuu wa shule hana mamlaka. Anayo. Anaweza kusema kubeba kisu kunahatarisha nidhamu, na atakuwa ndani ya kanuni. Lakini kwa kuwa jambo halikuandikwa wazi, kila shule inaamua kivyake. Shule moja kisu ni fimbo mbili na kufagia uwanja. Shule ya pili ni barua ya kumwita mzazi. Shule ya tatu mtoto anaambiwa achukue tranka lake saa hiyohiyo. Wazazi wa mji mmoja wa Njombe, watoto wa umri mmoja, kosa moja, na hukumu tatu. Na mara nyingi kinachoamua ni vile mwalimu alivyoamka siku hiyo, au mtoto ni wa nani.

Hapa niwakumbushe wazazi jambo ambalo wengi hamlijui na linawaumiza. Kufukuza mwanafunzi si neno la mwalimu mmoja getini. Jambo hilo linatakiwa lifike kwenye bodi ya shule, lijadiliwe, liandikwe, na mzazi ana haki ya kukata rufaa. Mtoto akikuletea nyumbani habari kwamba amefukuzwa, usikimbilie kumchapa wala kumtafutia kazi ya ndani Dar es Salaam. Nenda shule. Omba barua. Uliza kikao kilikaa lini.

Wapo wanaosema tuandike kanuni moja kali ya nchi nzima: ukikutwa na chuma chenye makali, huna shule, basi. Wenzetu Marekani walikwenda njia hiyo. Mwaka 1994 walipitisha sheria ya kutaka mwanafunzi anayeleta bunduki shuleni afukuzwe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kwa bunduki, sina ubishi. Lakini mkono wa sheria ile ukarefuka. Majimbo na wilaya za elimu zikaongeza visu, zikaongeza vitu vinavyofanana na visu, na zikawanyima walimu nafasi ya kutumia akili zao. Oktoba 2009, jimbo la Delaware, mtoto wa miaka 6 alipeleka shuleni kijiko cha kambini, kile chenye uma na kisu ndani yake, kwa sababu alikuwa ameingia skauti na alitaka kulia chakula cha mchana. Kwa mujibu wa kanuni yao alitakiwa apelekwe siku 45 kwenye shule ya watoto watukutu. Miaka 6! Ikabidi nchi nzima ipige kelele ndipo bodi ya shule ile ikae na kulegeza kanuni kwa watoto wadogo. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilipozichunguza sera hizo, katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2008 kikasema hakikukuta ushahidi kwamba zimezifanya shule kuwa salama zaidi.

Kama Delaware kijiko kilileta balaa hilo, fikirieni kanuni ya namna ile ikifika Uwemba, ambako mtoto ametoka kugema ulanzi.

Kwa hiyo swali la kwanza mwalimu anapokuta kisu liwe: cha nini? Na aulize akiwa amekaa, wawili au watatu ofisini, si mbele ya mistari ya wanafunzi 400. Majibu yatakuwa mengi. Yapo ya usahaulifu niliyokwisha kuyataja. Yapo ya sifa: kijana amehamia kutoka mjini, amezisikia habari za Panya Road wa Dar es Salaam na mapanga yao, anataka wenzake wamwogope. Huyo anahitaji mkono mzito kidogo, mapema, kabla sifa hazijawa tabia.

Lakini lipo jibu la tatu, nalo ndilo ninalotaka mkae nalo. Ninaogopa.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa wetu ulipita kwenye kipindi ambacho hakuna mzazi wa hapa aliyekisahau. Watoto walichukuliwa, wakauawa, kwa imani za kishirikina, na jina la Njombe likatajwa nchi nzima kwa jambo ambalo hatukutaka kutajwa nalo. Wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shule asubuhi na kuwafuata jioni. Baba aliacha shamba, mama aliacha genge. Watoto waliokuwa darasa la kwanza na la pili mwaka ule wamefika umri wa sekondari. Walikua wakiambiwa kila siku wasipite peke yao, wasiongee na mgeni, wakimbie wakiona gari limesimama. Kisha tukawapangia shule yenye mwendo wa saa nzima, njia ikipita katikati ya msitu wa misonobari ambako saa kumi na mbili jioni ni giza tayari. Kijana wa namna hiyo akiweka kisu kwenye begi, nani wa kumwambia hana sababu?

Na binti mwenye wembe kwenye soksi, mmewahi kumuuliza ni nani anamsubiri njiani? Mara nyingi yupo. Ni mtu mzima, ana pikipiki, anatoa lifti na chipsi. Shule ikimfukuza binti kwa ajili ya wembe, imemwondoa pale alipokuwa na ulinzi kidogo na kumwacha barabarani na yule aliyemfanya abebe wembe. Kwa kesi kama hiyo wembe uwekwe mezani, halafu mwalimu wa malezi apige simu kwa polisi kata na kwa Dawati la Jinsia na Watoto, na anayetafutwa awe mwenye pikipiki.

Kuna wenye hofu ya ndani ya shule vilevile. Kidato cha kwanza anayenyang'anywa unga wake geto na wakubwa. Anayepigwa bwenini usiku akaambiwa ukisema tutakuua. Huyo akinunua kisu gulioni, kisu ni taarifa. Kinakuambia kuna jambo ambalo mwalimu wa zamu hakuliona.

Najua kuna walimu wananisikiliza wanasema, wewe upo redioni, sisi ndio tunaokaa nao. Ni kweli kabisa. Januari 2021 kule Kisii, Kenya, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliwashambulia walimu wawili kwa kisu katika shule yao. Mwalimu ana haki ya kufundisha na kurudi kwa watoto wake akiwa mzima, na mtu yeyote anayezungumzia nidhamu bila kuanzia hapo hajafika darasani. Baada ya tukio lile, Waziri wa Elimu wa Kenya wa wakati huo, Profesa George Magoha, alisema viboko virudishwe, maana Kenya ilikwisha kuvipiga marufuku mwaka 2001. Wengi walimpigia makofi, na huku kwetu pia nilisikia watu wakisema, unaona, wenzetu waliacha fimbo, sasa wanachomwa visu.

Hesabu hiyo haikai sawa. Rudini nyuma, enzi za fimbo Kenya mpaka mwaka ilipopigwa marufuku. Mei 1999, Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani mwao usiku, wakamwaga petroli, wakawasha. Wote wanne walikufa. Machi 2001, shule ya Kyanguli kule Machakos, bweni lilichomwa kwa petroli, wavulana 67 wakateketea. Kulikuwa na manung'uniko ya matokeo ya mitihani yaliyofutwa. Sasa niambieni, ni upekuzi gani wa visu ungeuzuia moto ule? Petroli ile ile inauzwa hapa kwetu kwenye chupa za maji, kando ya barabara, kwa mwenye bodaboda. Hakuna orodha ya silaha itakayoandika chupa ya maji. Kinachobeba hatari kabla ya chuma na kabla ya moto ni kinyongo ambacho mtu mzima hakukisikia, au alikisikia akakipuuza.

Na sisi Tanzania tunayo fimbo. Kanuni nyingine za mwaka 2002 zinairuhusu kwa kosa kubwa, na zinaifunga kamba pande zote: viboko visizidi vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, mtoto wa kike apigwe na mwalimu wa kike kama yupo, fimbo iwe nyepesi, mkononi au matakoni juu ya nguo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Ni shule ngapi mnazozijua zenye daftari hilo? Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya mwanafunzi wa Mbeya Day akishambuliwa na walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ngumi na mateke juu. Agosti 2018 mtoto wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu. Mtoto anayeadhibiwa hivyo hafundishwi kuacha kisu. Anafundishwa kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na somo hilo ndilo lililomfanya abebe kisu tangu mwanzo.

Nimesema mengi ya kutofanya. Sasa niseme la kufanya, na naanzia stoo.

Nataka kila shule ya kata hii iwe na stoo ya vifaa yenye mlango unaofungika, kwa vile hiyo iliyopo mara nyingi ni kona nyuma ya ofisi, mapanga yameegemea ukuta pamoja na magongo ya bendera na madawati mabovu. Mtoto wa kidato cha kwanza akifika na panga lake, siku hiyohiyo linapokelewa, linapigwa namba. Msumari unachomwa motoni mpaka uwe mwekundu, unachora namba kwenye mpini. Kazi ya fundi mmoja na asubuhi moja. Kisha daftari kubwa la jalada gumu: tarehe, jina, kidato, namba ya kifaa, sahihi ya kuchukua, sahihi ya kurudisha. Siku ya shamba kiranja wa mazingira anasoma namba, mwalimu wa zamu anasimama mlangoni. Yakitoka mapanga 38 yarudi 38. Yakirudi 37, darasa linabaki uwanjani, wanarudi shambani kulitafuta hata kama mvua inakuja. Baada ya mara mbili tatu hamtakuwa na panga linalopotea.

Nimeona shule inayofanya hivi, nikasimama mlangoni mwa stoo yake. Harufu ya udongo mbichi na mafuta ya taa yaliyopakwa kwenye vyuma visishike kutu. Mapanga yamening'inizwa kwa misumari, ncha chini, kila moja na namba yake ubavuni. Mwalimu aliyekuwa na funguo alizivaa shingoni kwa kamba, hakuziacha mezani hata alipokwenda kunywa chai. Shule ile haikuwa na fedha kuliko nyingine. Ilikuwa na mtu mmoja aliyeamua.

Wa geto tuwawekee utaratibu wao. Jumatatu asubuhi anayetoka kwao na chakula aruhusiwe kukabidhi mzigo wake getini, achukue jioni, bila kupekuliwa kama mwizi. Wa kugema ulanzi vilevile: akikumbuka kwamba ana kisu mfukoni, aweze kukipeleka kwa mwalimu wa zamu akasema, mwalimu shikamoo, nimekuja nacho, na mwalimu akakipokea bila kofi. Siku mtoto wa kwanza atakapopigwa kwa kujisalimisha mwenyewe, ndiyo siku ya mwisho kwa mwingine kujisalimisha. Na wa darasa la kwanza tuwanunulie vichongeo. Bei yake ni ndogo mno kwa kijiji kinachouza viazi Dar es Salaam kwa lori.

Sasa kwa yule aliyekitoa kisu kumtishia mwenzake, au aliyekwisha kujeruhi. Hapo sina upole. Mlango wa kwanza ni hospitali, wa pili ni polisi, na bodi ya shule ikae ndani ya siku chache akiwa amesimamishwa masomo. Ninalisisitiza hili kwa sababu kuna desturi yetu ninayoichukia. Kijana anamkata mwenzake mkono, jioni wazee wa pande mbili wanakutana, inaletwa ndoo ya ulanzi, zinahesabiwa noti za matibabu, mwenyekiti wa kitongoji anasema tumeyamaliza kindugu. Mmemaliza ya nani? Mtoto aliyekatwa hakuulizwa. Aliyekata amejifunza kwamba damu ina bei na baba yake anaimudu. Shule haikuandika kitu, kwa hiyo mwaka unaofuata akihamia shule nyingine anahama na historia ambayo hakuna anayeijua.

Wazazi huogopa polisi wakidhani mtoto atatupwa jela na wakubwa. Sheria yetu haiko hivyo. Kanuni ya Adhabu inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa, na wa chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba alielewa alichofanya ni kosa. Juu ya hapo kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yenye mahakama ya watoto na utaratibu wake, pamoja na afisa ustawi wa jamii. Kwa hiyo kuripoti si kumwangamiza mtoto. Ni kumtoa mikononi mwa kikao cha ulanzi na kumweka kwa watu wanaotakiwa kuandika walichoamua.

Na bodi inapoamua, ijiulize pia akifukuzwa anakwenda wapi. Kijana wa Uwemba akitolewa shule leo, kesho yuko kwenye mashine ya mbao au kijiweni Makambako, na kisu chake anacho. Waliokuwa wakimwona kila siku hawamwoni tena, na wenzake bado wanapita njia ileile anayokaa. Kufukuza kubaki kwa yule ambaye kila njia imejaribiwa, au ambaye kuwapo kwake ni hatari ya wazi kwa wengine. Kwa wengine wote, kusimamishwa kwa muda, kazi ya kufanya, na mzazi kuja shule kila wiki mpaka bodi iridhike.

Akirudi, begi lake lisipekuliwe kila asubuhi mbele ya darasa. Lipekuliwe ofisini, na mtu mmoja, mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye barua yake, kisha basi. Mwalimu wa malezi amwone kila Ijumaa hata kwa dakika tano. Na yule aliyetishiwa aitwe kabla mwenzake hajarudi, aulizwe kama anaweza kukaa naye chumba kimoja. Kama hawezi, shule zetu nyingi zina mkondo A na mkondo B. Kumhamisha mmoja ni kazi ya asubuhi moja, na mwalimu wa taaluma huifanya kila muhula kwa sababu ndogo kuliko hiyo.